Pimbi na Mswada wa Mambo Madogo Madogo

Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulie!

Imekuja na pembe?

— Haina pembe!

Imekuja na mkia?

— Haina mkia!

Basi hiyo ni hadithi ya Pimbi, maana Pimbi hana pembe wala mkia. Kaeni vizuri. Mize, weka karanga zako chini. Sauti ya kutafuna itakuja baadaye, na ina mwenyewe.

Zamani wanyama walikuwa na Bunge lao. Lilikaa kando ya bwawa, kwenye uwanja wa udongo mgumu. Spika alikuwa Korongo. Kanuni ilisema Bunge likianza, Spika asimame kwa mguu mmoja, wa kushoto, na asiubadilishe mpaka kikao kiishe. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Ilikuwa kanuni. Kikao kikirefuka, mguu wa Korongo ulitetemeka, tete, tete, tete, na kila mtu alijifanya haoni.

Karani alikuwa Hondohondo, mwenye mdomo mkubwa na sauti kubwa kuliko mdomo.

Mnyama yeyote aliruhusiwa kuleta mswada. Aliuandika kwenye gome la mti, akampa Hondohondo. Hondohondo alisoma jina la mswada. Jina tu, basi. Huko ndiko kulikoitwa kusomwa kwa mara ya kwanza. Hakuna kuuliza, hakuna kubishana. Kisha Spika alitaja kamati, na mswada ukapelekwa kwenye kamati hiyo pamoja na mzigo mmoja wa majani mabichi, ili wajumbe wasifanye kazi na njaa.

Kamati ilipewa siku kumi na nne. Ikisema mswada haufai, mswada umekufa. Ikisema unafaa, mswada unarudi Bungeni kupigiwa kura. Na isiposema kitu? Siku kumi na nne zikipita kimya, mswada unarudi wenyewe kama ulivyokwenda, unapigiwa kura, na mwenyekiti wa kamati haruhusiwi kuuzungumzia. Kanuni hiyo haikuwahi kutumika, kwa hiyo wote walikuwa wameisahau. Pimbi hakuisahau. Alikuwa na sababu.

Sababu yake ilikuwa mama yake. Mama alikuwa mzee, magoti yamekwisha. Na bwawa lilikuwa na kingo mbili. Ukingo wa mashariki ulikuwa jabali lililosimama wima. Ukingo wa magharibi ulikuwa mteremko wa mchanga laini, hata mtoto mchanga angeshuka kwa makalio. Lakini kwenye ukingo wa magharibi alilala Kiboko. Alilala asubuhi, alilala mchana, alilala jioni. Ukimsogelea alipiga mwayo, HAAAA! Ukiona meno yale, kiu inaisha yenyewe.

Kwa hiyo Pimbi alishuka jabalini na kombe la konokono mdomoni. Alichota, chubwi! Akapanda. Kombe likavuja, to, to, to. Alipofika juu, maji yalikuwa nusu kombe. Mama alikunywa, akalamba kombe, akasema, "Asante mwanangu, nimeshiba."

Alikuwa hajashiba. Pimbi alijua, na ilimuuma sana.

Akapeleka mswada. Hondohondo akasoma: "Mswada wa Ukingo wa Magharibi!" Spika akasema, "Kamati ya Maji." Sasa, mwenyekiti wa Kamati ya Maji alikuwa nani? Kiboko. Na wajumbe wengine? Walikuwa kambale wanne, na vikao vilifanyika nchi kavu, kwa hiyo hawakuwahi kuhudhuria. Kiboko akala mzigo wa majani, kwachu, kwachu, kwachu. Siku hiyo hiyo akarudisha jibu: "Haufai."

Pimbi akapeleka wa pili. "Mswada wa Wazee Kunywa Maji!" Kamati ya Maji. Kwachu, kwachu, kwachu. "Haufai."

Pimbi akapeleka wa tatu. "Mswada wa Mteremko wa Bwawani!" Kamati ya Maji. Kwachu, kwachu, kwachu. "Haufai."

Kiangazi kikakaza. Maji yakashuka, jabali likazidi kuwa refu, kombe likawa linafika na robo. Mama alikunywa, akalamba kombe, akasema, "Asante mwanangu, nimeshiba." Safari hii hakusimama kumuaga.

Pimbi akaenda kwa Kiboko. Alisimama mbali kidogo, pale mwayo usipofika.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Marahaba. Haufai."

"Sijaleta mswada, mzee wangu. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Juzi Kamati ya Njia imepata mizigo mitatu ya majani. Kamati ya Nyasi imepata minne. Wewe, na mwili wote huo, umepata mmoja."

Kiboko akaacha kutafuna. "Minne?"

"Minne, ya majani machanga. Nikasema huu ni uonevu. Hivi njia ni nini, mzee wangu? Wanyama wanafuata njia kwenda wapi?"

Kiboko akafikiri. Ilichukua muda, tusimharakishe. "Kwenda kunywa maji," akasema.

"Basi hilo ni suala la nani?"

Masikio ya Kiboko yakasimama, yale madogo, mnayajua. "La Kamati ya Maji!"

"Mimi sijasema kitu," akasema Pimbi. "Umesema wewe." Akamuaga, akaondoka, chaka, chaka, chaka.

Akapita kwa wadogo wote wa nyika. Kwa Kwale, kwa Digidigi, kwa Nungunungu, kwa Nguchiro. Kila aliyemkuta alimuuliza, "Una shida gani?" Kila mmoja alikuwa nayo, maana hiyo haikosekani. Pimbi akamwambia, "Andika mswada. Peleka kesho."

Kesho yake Bunge likakaa. Korongo akanyanyua mguu wa kulia. Hondohondo akaita:

"Mswada wa Vumbi! Unasomwa kwa mara ya kwanza!"

Kabla Spika hajafungua mdomo, Kiboko akanguruma, "Mheshimiwa Spika! Vumbi ni nini? Ni udongo uliokosa maji. Hilo ni suala la maji!"

"Kamati ya Maji," akasema Spika. Mswada ukaenda, na mzigo ukaenda.

"Mswada wa Moto wa Nyikani! Unasomwa kwa mara ya kwanza!"

"Mheshimiwa Spika! Moto unazimwa na nini? Hilo ni suala la maji!"

"Kamati ya Maji." Mswada ukaenda, na mzigo ukaenda.

"Mswada wa Usingizi wa Mchana! Unasomwa kwa mara ya kwanza!"

"Mheshimiwa Spika! Ukilala udenda unatoka. Udenda ni nini? Hilo ni suala la maji!"

Nyumbu, mwenyekiti wa Kamati ya Nyasi, alisimama kupinga. Alipokwisha simama akasahau alichotaka kusema, akakaa.

Iliendelea hivyo mpaka miswada arobaini. Koo la Hondohondo lilikuwa limekauka, sauti inatoka kama kuni zinavunjwa. Mguu wa Korongo ulikuwa tete, tete, tete. Hapo akaja Pimbi na gome lake, nyuma ya wote.

"Mswada wa... khm... wa Mambo Madogo Madogo! Unasomwa kwa mara ya kwanza!"

Spika akakuna shingo kwa mdomo. "Huu sijui niupeleke wapi."

"Mheshimiwa Spika!" Kiboko tayari alikuwa anatokwa na mate. "Tone ni nini? Ni jambo dogo. Hilo ni suala la maji!"

Pimbi akatazama chini. Alikuwa anayajua matone kuliko wote waliokuwepo pale.

"Kamati ya Maji," akasema Spika, akashusha mguu, akapepesuka.

Miswada arobaini na mmoja, mizigo arobaini na mmoja. Kiboko aliyapanga magome yawe mto wa kulalia, akaanza kazi za kamati. Kwachu, kwachu, kwachu. Akishiba alilala, hroo, hroo, hroo. Akiamka alikula. Siku ya tatu, kwachu. Siku ya saba, hroo. Siku ya kumi, kwachu na hroo kwa pamoja, jambo ambalo si rahisi, jaribuni nyumbani.

Pimbi alikuwa anapanda na kushuka jabali na kombe lake, akipita anachungulia, anahesabu siku. Mama sasa hakuwa anasema ameshiba. Hakuwa anasema kitu. Alifumbua kinywa tu, na Pimbi akamtia matone mawili, matatu.

Siku ya kumi na nne, asubuhi, Kiboko aliamka na shingo inamuuma. Gome moja lilikuwa linamchoma. Akalivuta. Lilikuwa gome la Pimbi.

Pimbi alikuwa katikati ya jabali. Akaganda pale, kombe mdomoni.

Kiboko akalikunjua, akasoma: "Kifungu cha kwanza. Spika aruhusiwe kubadilisha mguu." Akacheka, tumbo lote likacheka. "Kweli haya ni mambo madogo!" Kifungu cha pili hakukifikia, cha tatu ndiyo kabisa. Alilirudisha gome chini ya shavu, akavuta mzigo. Kwachu, kwachu, kwachu. Jua likazama na Kamati ya Maji haijasema kitu.

Asubuhi Bunge likakaa. Spika akanyanyua mguu, Pimbi akamkumbusha ile kanuni, naye Spika akasema, "Siku kumi na nne zimepita na kamati imenyamaza. Karani, anza na ule wa mwisho. Soma wote."

Hondohondo akasoma. "Kifungu cha kwanza. Spika aruhusiwe kubadilisha mguu wakati wowote anapochoka."

Spika akakohoa kidogo, akatazama mawingu.

"Kifungu cha pili. Karani apewe maji ya kunywa kabla ya kusoma miswada." Hapa Hondohondo alisoma kwa sauti nzuri ambayo hatujamsikia nayo tangu mwanzo.

"Kifungu cha tatu. Ukingo wa magharibi wa bwawa uwe wa kila mwenye kiu, na yeyote aliyelala hapo asogee."

Kiboko akaruka. Nasema akaruka, na ardhi ilipata habari. "Mheshimiwa Spika! Haufai! Haufai! Haufai!"

"Kaa chini, Mheshimiwa Kiboko. Kanuni inasema kamati iliyonyamaza, mwenyekiti wake hauzungumzii mswada."

"Sikuletewa!"

"Mzigo wake ulikula?"

Kiboko akajifuta mdomo kwa ulimi. Kipande cha jani kilikuwa bado kinaning'inia mdomoni.

"Basi huu si mswada wa maji! Ulipelekwa kamati isiyohusika!"

"Karani," akasema Spika, "Mheshimiwa Kiboko alisema nini kuhusu tone?"

Hondohondo akasoma kumbukumbu zake: "Tone ni nini? Ni jambo dogo. Hilo ni suala la maji."

"Tupige kura. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Kwale akasema ndiyo. Digidigi akasema ndiyo. Nungunungu akasema ndiyo, Nguchiro akasema ndiyo, na Pimbi akasema ndiyo mpaka sauti ikamkatika. Ndiyo nyembamba nyembamba, nyingi, kila kichaka kina yake.

"Wasioafiki waseme siyo."

"SIYOOO!" Maji ya bwawa yakatikisika. Nyumbu alianguka.

Spika akahesabu, mguu wake ukitetemeka. Wote wakautazama mguu ule. Kisha akasema, "Nimesikia siyo moja pana na ndiyo nyingi ndogo. Kanuni inahesabu midomo, haipimi upana wake. Walioafiki wameshinda." Akashusha mguu wa kulia, akanyanyua wa kushoto. "Aaah," akasema Spika, na neno hilo limo kwenye kumbukumbu za Bunge.

Kiboko akasogea. Alisogea kwa kununa, lakini alisogea.

Ile miswada mingine arobaini nayo ilipigiwa kura. Wa vumbi ulipita. Tangu siku hiyo vumbi limepigwa marufuku, ndiyo maana mnaona barabara zetu zilivyo safi.

Pimbi alimbeba mama yake mgongoni. Akashuka naye kwenye mteremko wa mchanga, polepole, mpaka miguu ya mama ikalowa. Mama akainama. Akanywa. Akanywa tena. Alikunywa muda mrefu hata Kiboko akageuka kutazama. Aliponyanyua kichwa, ndevu zote zinachuruzika, alisema, "Maji yana tope."

"Ndiyo, mama."

"Yale ya kombe yalikuwa safi."

"Ndiyo, mama."

"Nipishe," akasema, "sijashiba."

Pimbi akakaa mchangani akalia, maana ilikuwa mara ya kwanza mama yake kumwambia ukweli.

Haya. Hadithi lazima iwe na fundisho, nisije nikaambiwa nimekula muda wenu bure. Fundisho ni hili. Kwanza, wadogo wasijiingize kwenye mambo ya Bunge, hawatayaweza. Pili, mwenye mdomo mkubwa ndiye anayesikilizwa. Tatu, ukiandika jambo zito, jina lake liwe wazi, na uliweke mwanzo kabisa, ili wakubwa walisome mapema. Mkifuata hayo mtaishi vizuri, mtalamba makombe yenu na kusema mmeshiba.

Mize anacheka. Karanga zimekwisha, nini?

Hadithi imekunywa?

— Imekunywa!

Imeshiba?

— Haijashiba!

Basi ipisheni.