Chafya Tatu za Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Tembo ndiye alikuwa mtawala na Pimbi alikuwa na kabati la nguo nyumbani kwake, msiba uliingia katika boma la swala. Kama kuna mtu anabisha habari ya kabati, anyamaze kwanza, asikilize.

Boma hilo lilikuwa na ua mrefu wa miiba na lango moja tu. Langoni walilinda askari wa serikali, fisi sita, na mkubwa wao Afande Fisi, mwenye mkanda wa ngozi na kitambi kilichoutangulia mkanda. Basi mwezi mmoja tu, swala watatu wakauawa ndani ya boma, mchana kweupe. Waliowaua ni mbwa mwitu, hilo halikuwa na ubishi, manyoya yao yalibaki yamenasa kwenye miiba. Ubishi ulikuwa mmoja: nani aliwafungulia lango?

Na swala hao wote watatu walikuwa wamesimama barazani kumpinga Tembo, aliyetaka kuchukua bonde lao la majani.

Afande Fisi akachunguza mwenyewe, siku mbili nzima. Akaandika, "Hakuna aliyeona kitu," akagonga muhuri, pah, akaenda kula.

Wanyama hawakukubali. Wakadai tume huru. Walidai asubuhi, wakadai jioni, mpaka Tembo akachoka, akamwita Pimbi.

"Mdogo wangu," akasema Tembo, "nakupa tume. Wewe ni huru kabisa."

"Ahsante, kaka mkubwa. Huru kabisa mpaka wapi?"

"Mpaka pale nitakapokwambia. Wewe na mimi ni damu moja, wenye shule wanajua. Chunguza taratibu, halafu uje useme hakuna aliyeona kitu."

Pimbi akainama kwa heshima. Kichwani akasema, kumbe nimechaguliwa kwa sababu ya udogo na undugu. Haya.

Akaenda moja kwa moja kwa Mama Tunu, mjane wa yule swala wa tatu. Akamkuta anachambua majani, bintiye amelala ubavuni.

"Mama, pole tena."

"Pole zimenijaa ndani, mwanangu, sina pa kuziweka. Umekuja kuniambia hakuna aliyeona kitu?"

"Nimekuja kuuliza ulisikia nini."

Mama Tunu akaacha majani yake. "Mwenzio Afande hakuniuliza hivyo. Nilisikia chafya. Tatu, kutoka kichakani nje ya ua. Chya, chya, chya. Kisha viatu vya askari, kru, kru, kru, vikaenda zao. Kisha lango likalia. Kisha Baba Tunu akaniita, mara moja." Akamsogeza bintiye karibu. "Nilimwambia Afande. Akaandika kwamba kuna mafua mtaani."

Pimbi alikuwa amezaliwa kwenye majabali, juu kabisa ya mashimo ya mbwa mwitu, na desturi zao alizijua kuliko wanavyozijua wenyewe. Mbwa mwitu hawaondoki kuwinda hivi hivi. Hupiga kura, na kura yao ni chafya. Mmoja akianza, wengine wanaokubali humfuata. Zikitimia, wanatoka.

"Sasa usiku unalala vipi?" akauliza.

"Silali. Walinzi ni wale wale sita. Nilisema barazani kama mume wangu alivyosema, na huyu mtoto ananitazama mimi tu. Nikiondoka mimi, ana nani?"

Pimbi hakuahidi kitu. Alipotoka alimkuta Afande Fisi ameegemea nguzo.

"Mwenyekiti wa tume! Umepata mengi?"

"Nimepata mafua, Afande. Yamejaa huku ndani."

"Eeeh, si nilisema?" Afande akafurahi mpaka kitambi kikatikisika.

Siku ya kusoma ripoti, Pimbi akaomba jambo dogo: baraza lifanyike pale pale bomani, saa sita ya mchana, kwa heshima ya marehemu. Tembo hakuona ubaya. Akawekewa kiti chake nje kidogo ya lango, kivulini. Wanyama wote wakakaa ndani, nyuma ya ua mnene wa miiba, Nyati na wanawe wakiwa mstari wa mbele. Askari sita wakasimama langoni kama kawaida.

Pimbi akasimama ndani karibu nao, akaanza kusoma. Jamani, alisoma! Alisoma urefu wa ua. Alisoma idadi ya miiba. Alisoma jina la fundi aliyechonga nguzo na majina ya mashangazi wa fundi. Jua likawa linachoma utosi, sauti yake inavuma vuuu kama nzi. Askari wakaanza kusinzia wima. Tembo akajipepea, akapiga miayo.

Hapo ndipo Pimbi alipotoa ugoro kidogo kiunoni, akauvuta.

"Chya! Chya! Chya!"

Askari sita wakafumbua jicho moja moja. Afande Fisi, bado yuko nusu ndotoni, akasema kwa sauti ya kila siku, "Haya vijana, tukanywe maji." Akalisukuma lango likafunguka ngwiii, wakapanga mstari, kru, kru, kru, wakaondoka zao.

Tembo naye, usingizi umemlemea, bila kugeuka, akayavuta masikio yake mapana, akajifunika macho.



Kichakani ng'ambo ya njia, ambako mbwa mwitu walizoea kujilaza mchana wakingoja, zikaitika chafya nyingine. Chya. Chya. Chya. Mbwa mwitu wanne wakatoka wakirukaruka kwa furaha, ndimi nje. Ua uliwaficha wanyama wengine, wao walimwona Tembo peke yake. Kiongozi wao akamkaribia.

"Mzee, leo ni yupi?"

Na Tembo, macho yamefunikwa vizuri, akajibu, "Yule mjane. Amezidi mdomo."

Nyati aliruka ua. Msiulize ulikuwa na urefu gani, aliuruka. Wanawe wakapita langoni, na vumbi la siku ile lilikaa hewani siku tatu. Mbwa wawili walishikwa, wawili bado wanakimbia mpaka sasa. Askari walirudi na vibuyu vya maji, wakakuta wanasubiriwa.

Tembo akafunua masikio. Mbele yake lilisimama pori zima.

"Kaka mkubwa," akasema Pimbi, "kurasa zimebaki arobaini. Nimalizie mimi, au umeshamaliza mwenyewe?"

Siku hiyo hiyo mikanda ya askari ilifunguliwa, na Tembo akavuliwa utawala akatembea kuvuka mto bila kusindikizwa. Bonde likabaki la swala.

Pimbi akamfuata Mama Tunu pembeni. "Mama, umepata ulichokitaka?"

"Nilimtaka mume wangu," akasema Mama Tunu. Kisha akamlaza bintiye chini ya kivuli, akajinyoosha karibu yake. "Lakini kujua nako si haba. Niache sasa, nilale."

Akalala mchana ule wote, lango likilindwa na Nyati.

Hadithi yangu imeishia hapa, na somo lake ni hili: aliyefumba macho ili mwenzake auawe, naye ameua.