Gando Moja la Kaa wa Mkandaani

Enzi hizo kaa hajapata mkono wa kujivunia, mji wa Mkandaani ulikuwa na kila kitu isipokuwa wageni. Nyumba zake zilipakwa chokaa kila mwaka. Nyuma ya mji palikuwa na pango la matumbawe, na popo wake walitoka jioni kama moshi. Kulikuwa na chemchemi ya maji moto, na kusini yake ziwa la chumvi ambako ndege aina ya heroe walisimama kwa maelfu, wakayageuza maji kuwa ya waridi. Lakini baina ya mji na bara palikuwa na tope pana, nalo lilivukika maji yakipwa tu.

Kazi ya kupokea wageni alipewa Kima, kwa sababu ya sauti yake. Kaa alipewa kuangalia maji. Alikuwa mtu wa wasiwasi, hufunga mlango wa shimo lake kwa tope, kisha hurudi kuugusa kama umefungika. Magando yake mawili yalikuwa madogo, sawasawa kama vijiko vya seti moja.

Siku moja habari zikaja kwamba Bibi Mbeyu wa milimani anakuja kutembea. Watu wote wa milimani walifuata neno lake. Akipendezwa, wangekuja kila mwaka. Akirudia njiani, hakuna ambaye angekuja tena. Kaa hakulala.

Maji yakapwa, na msafara ukaingia topeni. Walipofika katikati, Kima aliruka juu ya mti wa mkandaa ukingoni mwa mji, akapiga kelele, "Karibu, Bibi! Karibu!"

Bibi Mbeyu akasimama. "Mmesikia?" akawaambia watu wake. "Wenyewe wanasema ni karibu. Basi tuvute pumzi."

Wakatua mizigo, wakakaa juu yake, wakafungua viazi.

Sauti huvuka tope vizuri kuliko miguu, na Kaa aliyasikia yote. Chini ya tumbo lake alihisi mchanga umeanza kulowa. Maji yalikuwa yanarudi. Alitaka kupiga ukelele, lakini kaa hana sauti, ana mapovu tu. Akainua magando yote mawili, akapunga.

"Mama watoto, inua na wewe!" alimwomba mkewe.

"Mimi? Nikipunga nitakula na nini?" mkewe alimjibu, mdomo umejaa. "Wazimu mmoja nyumba hii unatosha."

Wimbi la kwanza likampindua chali. Mkewe akacheka, kisha akaona jinsi alivyoinuka na kupunga tena, akaacha kucheka. "Basi punga kwa mkono mmoja, baba. Kwa huo mwingine jishikilie chini, usije ukaondoka na maji."

Kaa akachimbia gando la kushoto topeni, akapunga kwa la kulia. Huku Kima akizidi kuita, "Karibu! Karibu!" na wageni wakizidi kumenya viazi, Kaa alipunga. Mkono ukavimba. Akapunga. Gamba likambana, likapasuka kwa mlio mkavu, na ndani yake likachomoka gando jipya, kubwa karibu kama mwili wake, jeupe katikati na jekundu pembeni. Akaliinua juu, nalo likashika jua.

Bibi Mbeyu akaacha kutafuna.

"Yule kule anatuita," alisema. "Na mtu hamwiti aliyekwisha kufika. Inukeni!"

Wakaacha viazi, wakakimbia. Maji yaliwapata kwenye vifundo, yakapanda magotini, lakini macho yao hayakutoka kwenye lile gando, na wote wakafika nchi kavu, mpaka mtoto wa mgongoni.

Mji ukalipuka kwa vigelegele. Wageni walitembezwa pangoni, wakayaona maji ya waridi, na Bibi Mbeyu alipotoka kwenye chemchemi alisema magoti yake yamerudi usichanani. Kisha akauliza nani aliyewaita.

Kima alikwisha kuinama. "Ni mimi, Bibi. Nimepaza sauti mpaka koo limekauka."

"Wewe ulitukalisha," alisema Bibi Mbeyu. "Namtaka aliyetuinua."

Kaa akaja upandeupande kwa haya, gando limemlemea. Bibi Mbeyu akapiga goti mbele yake, na watu wote wa milimani wakapiga goti nyuma yake.

"Mlango wa mji huu ni wewe," alimwambia. "Nasi tutaupita kila mwaka."

Na tangu siku hiyo kaa dume wa topeni ana gando moja kubwa na moja dogo. Maji yakipwa hutoka shimoni kupunga. Yakirudi huingia na kufunga mlango. Watu wa Mkandaani nao hawasemi karibu mikono ikiwa imelala. Asiyepunga, mgeni hamwamini. Na kaa jike bado anakula kwa mikono miwili, anashiba kwanza, lakini mumewe anapopunga, hamcheki tena.