Malkia Aliyenyimwa Kaburi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kwa uvivu, lakini sawa, hata msimulizi wenu ni wa kuokoteza.

Hapo zamani za kale, Ulaya huko kwenye theluji (mimi theluji sijaiona, nadanganya kwa niaba ya walioiona), alikuwepo Malkia Ermelinda. Akatawala miaka arobaini, akafa. Bintiye, Otilia, akataka kumzika.

Lakini nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mtawala hazikwi mpaka atokee mtu aseme jema lake na baya lake, na umati uitikie, “Kweli.” Siku tatu zikipita bila mtu huyo, maiti hutupwa msituni.

Siku ya kwanza akaja Bata Bukini, aliyeshibia jikoni kwa malkia. Akasifu, akasifu, akasifu. Baya hakuliona hata moja. Umati ukaitikia, “Uongo.” Otilia akalia.

Msimcheke Bata, ndiye mimi. Matangani kwa jirani nilimsifu marehemu mpaka mjane akaniuliza namzungumzia nani.

Siku ya pili akaja Dubu, ambaye malkia aliukata msitu wake ajengee meli. Akatukana, akatukana, akatukana. Jema hakuliona. Umati ukaitikia, “Uongo.” Otilia akalia zaidi. Dubu naye ni mimi, siku niliyonyimwa pilau.

Siku ya tatu ikafika, jua likaanza kuzama, hakutokea mtu. Wachukuzi wakainua jeneza waende msituni. Otilia akawashika miguu, akawasihi wangoje kidogo tu. Ndipo akapenya mfua nguo mmoja, Jadviga, mikono imebabuka kwa sabuni.

“Malkia alimpeleka mwanangu wa pekee vitani, hakurudi,” akasema. “Mwaka wa njaa alifungua ghala lake, tukapona mimi na wajukuu. Nimemchukia, na chakula chake nimekila. Mzikeni, nikapumzike.”

Mtu mmoja akaitikia, “Kweli.” Wa pili, “Kweli.” Wa tatu, kisha umati wote. Otilia akamzika mama yake. Jadviga ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, huku akimlilia mwanawe.

Hadithi imefika makaburini, nami siendi mbele zaidi, naogopa. Funzo lake: marehemu msimpunguze wala msimwongeze, msemeni alivyokuwa.

Nikifa mimi, msihangaike. Mabaya yangu mnayo tayari, tena ya kuchagua. Hilo jema moja, anzeni kulitafuta leo.