Siku Fisi Aliposhindwa Kucheka

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, mbona kinyonge hivyo? Au na nyie mmekatazwa sauti zenu? Paukwaaa!

— Pakawaaa!

Hapo sawa. Basi hapo kale Fisi alikuwa mfalme, akaamuru wanyama wote wawe fisi. Punda akaitwa Fisi. Jogoo akaitwa Fisi, na kuwika marufuku. Kila asubuhi barazani wacheke kifisi, hiii-hi-hi-hi! Asiyecheka si fisi, na asiye fisi ni kitoweo.

Wakacheka. Mwaka wa kwanza kwa woga, mwaka wa pili kwa mazoea.

Bi Pimbi, kimo chake kama kiatu, naye alicheka. Siku moja mwanawe akapotea mawe­ni. Mama akasahau sheria, akaita kipimbi: "Kwee! Kwee!" Kumbe mtoto yuko pale pale, nyuma ya jiwe. Kuisikia sauti ile, akatoka mbio kumkimbia mama yake mzazi!

"Ala! Mwanangu hanijui?" Roho ilimuuma Bi Pimbi, ikamuuma kweli. "Haya, Fisi. Mimi na wewe."

Kesho yake barazani akampelekea mfalme mfupa mnono, umefungwa kwa majani ya mgomba. Sasa, Fisi alikuwa na tabia yake: kila zawadi huikalia, asije mtu akaomba kipande. Akaukalia. Hakujua kwamba Bi Pimbi ameufunga pamoja na siafu.

"Chekeni!"

Hiii-hi-hi-hi! Siafu nao haoo, wakapanda.

"Hiii-hi... uwi! Uwiii! Mama wee, nakufa!" Fisi akaruka.

"Jamani!" Bi Pimbi akapaza sauti. "Yule pale hacheki!"

Nyati, askari wa baraza, akainamisha pembe. "We, mbona huchek­i?"

"Mpumbavu! Mimi ndiye Fisi!"

"Hapa sote ni Fisi, mzee. Hata mimi Fisi. Wewe cheka."

"Uwiii!"

"Si Fisi huyu." Puu! Pembe ya matakoni. Fisi akatimua mbio, na mfupa wake akauacha.

Jogoo akajaribu kuwika, kikatoka kicheko. Bi Pimbi akaita, "Kwee!" Safari hii mwanawe akasogea, polepole.

"Mama, hiyo sauti ya nani?"

"Yako, mwanangu. Nilikuwa nakutunzia."

Hadithi yangu imefika ukingoni. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni. Na funzo? Tiini amri za wakubwa, watoto, wala msiulize. Nyati alitii bila kuuliza, akatuondolea mfalme.