Ndugu Aliyepimwa Goti la Mwenzake

Mtu mmoja alikuwa na goti lililolika upande mmoja. Si goti zima, ndugu zangu. Upande wa ndani tu. Mtu huyo aliitwa Eliakimu, mkulima wa tangawizi huko milimani Upareni, ambako mashamba yamesimama wima kama ukuta. Tangu ujana wake alipanda na kuteremka na gunia mgongoni, goti likalika kidogo kidogo, mpaka ikawa kila akiteremka anaguna, na kila akiguna anasingizia jiwe.

Mkewe hakudanganyika. "Baba Nakundwa," akamwambia, "mawe ya mlima huu wote umeyakosea nini?"

Angeweza kuendelea kuyasingizia mawe mpaka kaburini. Lakini binti yake Nakundwa alikuwa amechumbiwa, na katika ukoo wao binti hatoki nyumbani hivi hivi. Baba huketi kwenye kigoda cha ukoo, kigoda kifupi kweli kweli, na binti hupiga magoti mbele yake. Baba akishambariki, husimama mwenyewe, bila kushikwa, akamwinua binti kwa mkono wake. Baba asiposimama, binti hajatolewa. Eliakimu alimpenda mtoto yule kuliko tangawizi yake yote, na usiku alijaribu kukaa kwenye kigoda kile na kusimama. Kukaa aliweza. Kusimama, mkewe alikuwa akimvuta kwa mikono miwili.

Basi akaenda hospitali mjini, na mjomba wake akamsindikiza. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alilikunja goti, akalikunjua, akasema ubovu uko upande wa ndani. Upande wa nje mzima, na mishipa yake imara. Mjomba akashauri ling'olewe lote, kazi iishe.

Daktari akamtazama. "Mlango ukioza, mzee, mnabomoa nyumba?"

Akawaeleza kwamba atatoa palipolika tu, na hapo ataweka kipande cha chuma. Tena kipande chenyewe si cha kuchagua kwenye rundo kama viatu vya mtumba, ukijaribu hiki na kile. Goti litapigwa picha pande zote, na mafundi watakichonga kipande kwa kufuata picha hiyo, kila bonde na kila kilima cha mfupa wa Eliakimu. Mtu mwingine hakitamfaa. Mjomba akauliza kama Eliakimu akifa kinaweza kurithiwa. Daktari akasema hapana, na mjomba akasikitika.

Eliakimu alirudi nyumbani amefurahi, mpaka aliposikia habari za mashine ya kupiga picha. Akaambiwa na watu, wengi wao hawajaiona, kwamba ni pipa kubwa, unalazwa chali, unaingizwa miguu kwanza, na linanguruma. Zaidi ya hayo, unavuliwa suruali. Loo! Mzee wa kanisa, baba wa bibi harusi mtarajiwa, alazwe kwenye pipa na kaptura ya hospitali! Usingizi ukamruka.

Sasa sikilizeni alichofanya, na msicheke upesi.

Huko kwao kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: kuzibua mfereji, kutengeneza barabara. Kila nyumba hutoa mtu mmoja. Nyumba ikiitwa, aliyekuja anaitika, na nyumba imehudhuria. Hakuna anayeuliza baba yuko wapi. Kwa miaka mingi aliyeitika kwa nyumba ya Eliakimu alikuwa mdogo wake, Anaeli, mtu mwema, mwepesi wa kutumwa. Anaeli alikwenda kwenye msaragambo, Anaeli alikwenda kwenye mikutano ya shule, Anaeli alikwenda hata kuomba radhi kwa jirani ambaye ng'ombe wa Eliakimu alikula mahindi yake. Eliakimu akawaza: sisi ni tumbo moja, titi moja, mlima mmoja. Goti litakosaje kuwa moja?

Akampa mdogo wake kadi ya hospitali. "Nenda kwa niaba ya nyumba."

Anaeli akaenda. Lilipoitwa jina la Eliakimu, akaitika, "Nipo!" kama alivyozoea. Akavua suruali bila wasiwasi, akalala, akaingizwa kwenye pipa, na mle ndani akapitiwa na usingizi mtamu.

Sasa Anaeli hakuwahi kubeba gunia. Yeye alikuwa mshoni. Kutwa amekaa kwenye cherehani. Daktari alipoitazama picha akafuta miwani, akaitazama tena. Akapiga simu milimani. "Mzee, picha inaonyesha goti zima kabisa. Hapa hakuna cha kuchonga. Hata mimi sielewi, kwa hiyo njoo nikuone tena."

Eliakimu aliyasikia maneno ya kwanza. Ya mwisho hakuyataka, na asiyoyataka mtu hayaingii sikioni. Akakata simu, akamwambia mkewe kwamba goti ni zima, mashine imesema, na yeye ni nani abishane na mashine?

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Habari zikaenea. Ibada ya shukrani ikafanywa. Mkewe, kwa furaha, akaichukua fimbo ya mumewe ya kutembelea, akaichomeka shambani maharage yatambae juu yake. Sasa Eliakimu angechechemeaje? Goti lina ushahidi wa hospitali! Akawa anatembea wima, anatabasamu, jasho likimtiririka. Wenzake wakamrudishia gunia mgongoni. "Si umepona, bwana!" Akabeba. Hakuguna tena, maana hata jiwe hakuwa na ruhusa ya kulisingizia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, lakini huyu kilio chenyewe alikuwa amekipiga marufuku.

Siku ya kumtoa binti ikafika. Wakwe wakapanda mlima na mbuzi wao, ua ukajaa. Eliakimu akaketi kwenye kigoda. Nakundwa akapiga magoti mbele yake, amevaa kitenge kipya, machozi ya furaha yanamlengalenga. Baba akambariki kwa maneno mazuri, watu wakasema amina. Kisha wakangoja asimame.

Akajikaza. Goti likakataa. Akajikaza tena, akaguna mguno aliouficha muda wote ule, mguno uliosikika hadi jikoni. Akabaki palepale. Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikafia midomoni.

Ndipo Anaeli, ndugu mwema, alipoona nyumba inaaibika. Akaruka kutoka kwenye benchi, akasimama wima, mkono juu. "Kaa tu, kaka! Nyumba imesimama!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Wakwe walicheka, mchungaji alicheka, na mbuzi akalia. Walipomaliza kucheka, mshenga akasema kwa upole kwamba wao hawakuja kupewa binti na nyumba, wamekuja kupewa na baba yake, watangoja asimame. Wakashuka na mbuzi wao.

Nakundwa peke yake hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama baba yake, kwa maana hakuna aliyekuwa amemwinua. Eliakimu aliyaona macho yale, na yalimuuma kuliko goti. Akalia mbele za watu, mzee mzima, akasema yote: pipa, suruali, kadi, na kwamba aliyepimwa ni Anaeli.

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe. Akavuliwa suruali, akavaa kaptura, akaingizwa kwenye pipa akiimba pambio. Picha ikatoka mbaya, mbaya sana, na daktari akafurahi. "Sasa nimekuona," akasema. Kipande kikachongwa, kidogo cha kutosha kiganjani, kikakaa palipolika. Palipokuwa pazima hapakuguswa.

Mavuno ya tangawizi yalipokwisha, wakwe wakapanda tena na mbuzi, amenenepa kwa kungoja. Eliakimu akaketi, akabariki, akashusha pumzi. Anaeli, kwa mazoea, akaanza kuinuka. Mke wa Anaeli akamvuta koti, akaketi. Na Eliakimu akasimama, polepole, bila kushikwa na mtu, akamwinua mwanawe.

Nanyi mnaoitikiwa na mama zenu kanisani, na wake zenu kwenye maombi, na ndugu zenu penye kuomba radhi: siku yako ya kusimama ikifika, goti lililopimwa litakuwa la nani?