Mkaguzi na Chumba cha Utulivu

Wapendwa, nani humu ndani amewahi kumpokea mstaafu nyumbani? Hapana, hapana, shusheni mikono. Wengine mmekaa naye benchi moja, na tunataka ibada iishe salama.

Basi alikuwapo mzee mmoja huko kwenye baridi ya Tukuyu, mkaguzi wa shule. Miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuingia mahali ambapo watu wanajitahidi, na kuwaonyesha walipokosea. Ni kazi halali, inahitajika, tena ina posho. Walimu wakisikia gari lake linaunguruma bondeni, walianza kutafuta chaki ambazo hawakuwa wamezishika tangu Jumatatu. Mkewe alibaki nyumbani. Akalima, akalea, akaezeka jiko, na kila mwisho wa mwezi alimpokea mumewe, akamlisha, akamfulia, akamsindikiza tena.

Halafu siku ikafika. Serikali ikampa mzee cheti na saa ya ukutani, ikamwambia, "Asante sana, nenda ukapumzike."

Swali, wapendwa: mkaguzi akikosa shule, anakagua nini?

Mnacheka. Mkewe hakucheka.

Jumatatu ya kwanza, saa mbili kamili asubuhi, mzee aliingia jikoni na kalamu nyekundu nyuma ya sikio. "Mama Subilaga, maharage haya yaliwekwa motoni saa ngapi?"

"Yalipokuwa tayari kuwekwa, Baba Subilaga."

"Hilo si jibu, hayo ni maelezo."

Akafunua sufuria. Akaonja. Akauliza kwa nini mwiko umelala kifudifudi. Akatoka uani, akazikuta kanga kwenye kamba, akazipanga kwa kimo kama wanafunzi mstarini, fupi mbele, ndefu nyuma. Akapita barazani kwa binti yao Subilaga, mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wake, akamsimamia nyuma ya kichwa. "Mshono huu umepinda."

"Baba, hiyo ni kola. Kola inapinda."

"Ijitahidi."

Ijumaa akabandika ripoti kwenye mlango wa friji. Usafi: wastani. Kutunza muda: hairidhishi. Ushirikiano na uongozi: unahitaji jitihada. Na chini kabisa, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliandika: Ugali: vizuri.

Sasa mzee huyu, wapendwa, hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe. Alikuwa anapenda kwa ile lugha aliyoijua, na lugha aliyoijua ilikuwa nyekundu.

Mwezi wa tatu baada ya kustaafu wakaenda zahanati wote wawili kupima presha. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole, mmoja wa wale ambao wakikwambia jambo baya unatamani kuwashukuru. Akampima mzee: mia na themanini kwa mia na kumi. Akampima mama: mia na tisini kwa mia na kumi na tano. Akavua miwani.

"Wazazi wangu, hizi si namba za kuchezea. Mama hasa, hapa kiharusi kiko mlangoni, kinavua viatu. Dawa nawapa, lakini dawa peke yake haitoshi. Tengenezeni utulivu hapo nyumbani. Tafuteni hata kona moja ya kutuliza akili. Mkirudi mwezi ujao na namba hizi, nawalaza."

Daktari alisema "wazazi wangu". Alisema "mama hasa". Mzee alisikia nini? Alisikia "mzee".

Kwenye bajaji akamgeukia mkewe. "Umemsikia daktari? Nyumba yetu ina kelele. Inaniua."

Mkewe alitazama migomba inavyopita. "Nimemsikia," akasema.

Kufika nyumbani, mzee akavamia stoo. Stoo ile ilikuwa ya mkewe: magunia ya maharage, majembe, vikapu, na masufuria ya misiba na arusi. Vyote vikatolewa koridoni.

"Na vitu vyangu, Baba Subilaga?"

"Vitapangiwa utaratibu."

Akapaka kuta rangi ya kijani, ile ya majani machanga ya chai. Akatandika zulia. Akaweka mito minne, taa yenye mwanga hafifu, na bakuli la maji ya moto yenye mchaichai ili chumba kinukie. Akapanda mshubiri kwenye ndoo, akauweka pembeni. Akaingiza kwenye simu sauti za ndege wakiimba msituni. Nje ya dirisha kulikuwa na ndege wa kweli, wazima, wanaimba bure. Mzee akatoka na fimbo akawafukuza, kwa sababu walikuwa wanawavuruga wale wa kwenye simu.

Na mlangoni akabandika tangazo: KIMYA. AMANI INAENDELEA.

Siku ya kwanza akaingia saa nne. Akakaa kwenye mto, akafumba macho, akavuta pumzi. Pumzi ya kwanza, nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu akaiona fupi, akairudia. Ya nne ilikuwa na mkoromo, akajiuliza huo uzembe umetoka wapi. Mnaona? Watu wote walikuwa wamefungiwa nje, na mkaguzi bado alikuwa amepata wa kumkagua.

Mara akasikia kicheko. Kicheko cha mkewe, kile cha kutoka tumboni, na cha Subilaga juu yake, na cherehani katikati. Mzee akatoka kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Jamani! Saa hizi mnacheka nini?"

"Tunacheka tu, Baba."

"Kucheka tu? Bila sababu?"

Kicheko kikazima. Mzee akarudi ndani, na kwa sababu alikuwa mtu wa kutafuta suluhisho, siku ileile akachukua godoro la zamani na kuligongomea misumari mlangoni, upande wa ndani. Sasa sauti haiingii. Na kama mnavyojua magodoro, wapendwa, sauti isipoingia, haitoki pia.

Kuanzia hapo mambo yakawa matamu. Mzee alishangaa jinsi familia ilivyoanza kumjali. Alipanga kukaa saa mbili, mkewe akasema, "Ongeza, mume wangu. Afya ndiyo mtaji." Akaongeza, zikawa tatu. Subilaga akamshonea mto wa tano bila malipo, na pazia la pili. "Giza likolee, Baba." Zikawa nne. Wiki ya tatu mkewe akausukuma mlango taratibu, akamwambia kwa sauti ambayo mzee hakuwa ameisikia tangu wakiwa wachumba, "Na chakula cha mchana nikuletee humo humo? Usijisumbue kutoka."

Zikawa tano. Mzee alilengwa na machozi. Miaka thelathini na minne ya ndoa, akajiambia, hatimaye nimeeleweka.

Mwezi ukaisha. Wakarudi zahanati. Mzee alivaa koti, maana alikuwa anakwenda kupokea matokeo, na alijua amesoma.

Akamweleza daktari habari za chumba chote, daktari akampima. Mia na themanini na nne kwa mia na kumi.

"Hicho kifaa kina kasoro," mzee akasema. "Lini kilikaguliwa mara ya mwisho?"

Daktari akatabasamu, akamgeukia mama. Akapima. Akahamia mkono mwingine, akapima tena. Uso wa daktari haukusomeka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shughuli ile yote mzee akakumbuka yale maneno: mama hasa. Akamshika mkewe bega.

"Ni mbaya, daktari? Sema. Ni mbaya?"

"Mia na ishirini na nane kwa themanini," daktari akasema. "Mama, hii ni presha ya msichana. Umefanya nini? Umebadili dawa?"

"Zilezile ulizonipa."

"Umepunguza kazi?"

"Zilezile."

"Basi ni kile chumba. Hongereni! Unakaa humo saa ngapi kwa siku?"

"Sijawahi kuingia," mama akasema.

"Humo naingia mimi," mzee akadakia. "Saa tano kila siku, peke yangu, mlango umefungwa."

Daktari akamtazama mzee. Akamtazama mama. Mama akawa anafunga upya fundo la kanga ambalo halikuwa limelegea.

"Na wewe, mama, hizo saa tano unafanya nini?"

"Napika, nafua, napalilia. Nacheka na mwanangu. Kazi ni zilezile, daktari wangu. Ila nazifanya bila kusahihishwa."

Kimya kikaingia chumba kile, wapendwa. Kimya cha kweli, ambacho hakikuhitaji godoro. Mzee alifungua mdomo apinge hoja. Akatafuta kosa kwenye jibu lile, juu, chini, pembeni, yeye aliyeweza kupata kosa kwenye kola. Hakuliona.

"Mama Subilaga," akasema polepole, "ina maana ile kelele ni mimi?"

"Sikutaka kusema mbele ya watu."

"Daktari si watu."

"Basi ni wewe."

Daktari akaanza kutafuta kitu chini ya meza, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Lakini mama hakuwa anacheka. Alimshika mumewe mkono, ule uliokuwa na alama ya wino mwekundu kidoleni.

"Baba Subilaga, miaka yote ile nilikuwa nahesabu kalenda. Nilikuwa namwambia Mungu, mume wangu astaafu, arudi, tukae wote jikoni tuzungumze kama watu. Nikaomba arudi mume. Akarudi mkaguzi."

Siku ile saa nne ya utulivu iliwakuta wameshafika nyumbani. Subilaga akawasha taa ya chumba cha kijani, akasogeza mito, akasubiri baba yake aingie. Mzee akaupita mlango ule. Akaenda jikoni, akavuta kigoda, akakaa. Mama na binti wakasimama wima kama walimu waliosikia gari bondeni.

"Nipeni kisu," mzee akasema. "Nifundisheni kumenya ndizi."

Akamenya. Nusu ya ndizi ikaondoka na ganda, na kilichobaki kilikuwa na pembe sita. Mkewe akakitazama kitu kile. Akafungua mdomo. Akaufunga. Mzee akamwona alivyoufunga, akajua uchungu wa kuufunga, akaanza kucheka yeye wa kwanza, na wengine wakafuata.

Sasa mnataka kujua mwezi uliofuata presha ya mzee ilisomaje. Hilo muulizeni daktari. Hapa ni nyumba ya ibada, na hapa tunapimwa kwa kifaa kingine.

Tunapimwa hivi: tukiondoka, nani anapumua?

Usimtazame jirani yako. Jirani yako anakutazama wewe. Sisi wote tuna maombi yale, tunayaomba kwa machozi: "Bwana, nipe amani ndani ya nyumba yangu." Kuna mtu hapa ameyaomba miaka ishirini na anadhani Mungu hajajibu. Ndugu yangu, amejibu mara nyingi! Kila ukisafiri kikazi, amani inafika. Inakaa sebuleni, inakula na watoto wako, inalala vizuri, na siku unayopiga simu kwamba uko njiani, inaanza kufunga mizigo.

Na kina mama, msipige makofi sana. Wako mabinti hapa wanaofika kwa shangazi kusalimia wakakaa wiki mbili, si kwa sababu kwa shangazi kuna pilau. Wako wafanyakazi wanaombea bosi wao apate semina ndefu, tena ya mbali. Na sisi wachungaji, je? Waulizeni wanakwaya wetu: Jumamosi tukichelewa kufika mazoezini, wanaimba vizuri kuliko siku yoyote.

Sisi tunatafuta utulivu kwa zulia na mshumaa, tunatafuta kwa rangi ya ukuta, na si vibaya; pakeni rangi, wekeni maua, nyumba ipendeze. Lakini mtu anaweza kujifungia ndani ya chumba kizuri kuliko vyote na akaingia humo pamoja na kelele yake, akaketi nayo kwenye mto mmoja, wakavuta pumzi pamoja. Amani ya nyumba haianzi pale wengine wanaponyamaza. Inaanza pale mmoja wetu anapoona kosa dogo, la kweli kabisa, analo kwenye ncha ya ulimi, na anaamua kwamba mtu aliyelifanya ni wa thamani kuliko kosa lenyewe.

Basi leo, ukifika kwako, kabla hujauliza nani ameacha geti wazi, nani amewasha taa mchana, na kwa nini chai imepoa, kaa chini kwanza. Muulize mtu mmoja habari zake. Asikilizwe mpaka amalize. Usimkatize hata kama tarehe anakosea. Watakushangaa. Watatazamana. Mmoja atakuja karibu akuguse paji la uso, akuulize kama unaumwa.

Usikasirike. Mwambie, "Ndiyo, nilikuwa naumwa sana, na nyinyi ndio mliokuwa mnasikia maumivu. Leo nimeanza dozi."