Kahawa ya Kindi Iliyokataa Kupoa

Sogeeni hapa mkekani, wajukuu zangu. We Shemsa, acha kutafuna muwa, tusikizane. Haya, kimya!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mji wao, Tembo ndiye aliyekuwa mkuu. Akaamrisha miti yote ikatwe, pasakafiwe mawe meupe, mji ung'ae. Kifaru, fundi wake, akakata: ka! ka! ka! Ukabaki mkwaju mmoja tu, na humo wamelala watoto wachanga wa Kindi, hata macho hawajafumbua.

Mji ukawa tanuri. Watoto wakajaa vipele, vikongwe wakaanguka njiani, pu! Tembo atajulia wapi? Yeye kutwa yumo jumbani, anapepewa.

"Kesho na huo mkwaju," akasema Kifaru.

Kindi moyo ulimpasuka, lakini usoni akacheka. Akaenda jumbani.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Uwanja wako wa mawe meupe unavyong'aa! Mbona hutuiti tukaufungua kwa kahawa? Iwe adhuhuri, jua likiwa utosini, ung'ae zaidi."

"Marahaba! Ndivyo nilivyowaza mwenyewe!"

Kesho yake wote wakaketi juani. Na desturi ya mji ule, mwenyeji hainuki mpaka mgeni wa mwisho amalize kikombe chake. Wageni wengine wakanywa mbio, mawe yanawababua makalio. Kindi akashika chake, fuu! fuu!

"Kunywa, kijinyama we!" Kifaru akafoka, akirukia mguu huu, mara huu.

"Inaunguza, kaka. Wataka nibabuke ulimi?" Fuu! fuu!

Tembo akajipepea masikio, pwa! pwa! "Kindi mwanangu, nakufa! Haipoi tu?"

"Itapoaje, Bwana, na upepo wenyewe ukifika hapa unaungua? Pale mkwajuni ingepoa sasa hivi. Ila Kifaru anaukata leo."

"Aukate nimwone! Kindi, tangulia na kikombe chako, twendeni!"

Wakakimbilia kivulini, gidi! gidi! Kaubaridi kakawapokea. Tembo akashusha pumzi, haaa! Kindi akamaliza kahawa kwa funda moja.

"Umenichezea, we!"

"Sikukuchezea, Bwana. Nimekuketisha tu pale tunaposhinda sisi kila siku."

Tembo akautazama mji unavyowaka juani. Kisha akapaza sauti, mji mzima ukasikia: "Mkwaju huu hauguswi! Kifaru, ng'oa mawe, panda miti kila njia!"

Mji ukalipuka vigelegele!

Basi wana wa Kindi wakarithi mikwaju, wana wa Tembo wakarithi kujipepea masikio, na wana wa Kifaru wakarithi hasira mpaka leo.

Mji usio na kivuli, wanangu, humuunguza hata aliyeujenga.